Daftari Jipya Lianze kwa Herufi Sahihi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu waliisema methali hii zama za vitabu vya wino, wakati kila karani alikuwa na kabati lake na kila kabati lilikuwa na ufunguo wake. Leo daftari la Unguja na Pemba linahamia katika kompyuta. Sheria Namba 3 ya mwaka 2018, iliyoanzisha Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar, imeweka vizazi, vifo, ndoa na talaka, pamoja na vitambulisho vya wakaazi, chini ya mwavuli mmoja. Skuli, hospitali, afisi za ardhi na pensheni nazo zinahitaji madaftari yao. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa vyetu. Kila mmoja wao ana jina, ana siku ya kuzaliwa na ana mahali anapokaa. Na mambo hayo matatu ndiyo yanayompa haki mbele ya dirisha la afisi yoyote.

Tunaiunga mkono kazi hii bila kusita. Lakini lipo jambo moja ambalo huamuliwa siku ya kwanza kabisa, kabla ya jina la mwananchi wa kwanza kuandikwa, na mara nyingi huamuliwa na fundi mmoja kwa kubonyeza mara moja tu. Jambo hilo ni kuchagua herufi zitawekwaje ndani ya hifadhidata, na majina, tarehe na hesabu zitafuata kaida za nchi gani. Mafundi huliona ni jambo lao. Sisi tunasema ni jambo la Serikali na la wananchi, kwani atakayeambiwa "jina lako halimo" si fundi.

Yafaa kwanza tueleze kwa lugha nyepesi. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba tu. Ili iweze kuandika "a" au "ba", lazima pawepo na mapatano kwamba namba fulani ni herufi fulani. Mapatano hayo ndiyo msimbo wa herufi. Ule mkongwe uliotapakaa zaidi ni ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, nao una nafasi 128 tu, zikiwamo za amri ambazo hazina sura. Baadaye zikafuata jedwali nyingi, hili la Ulaya ya Magharibi, lile la Kiarabu, jengine la Kirusi, na kila moja likaipa namba ile ile herufi nyengine. Ndipo ulipozaliwa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, kwa nia ya kuipa kila herufi ya kila lugha namba yake peke yake. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni njia ya kuziweka namba hizo iitwayo UTF-8, nayo ndiyo inayotumika zaidi ulimwenguni hivi leo.

Wako watakaosema: haya yana kazi gani kwetu? Kiswahili hakina herufi zenye vichwa wala mikia. Kinaandikwa kwa herufi zile zile za Kiingereza, tena kwa kuacha mbili, na zote zimo katika ASCII. Basi msimbo wowote utatutosha.

Hoja hii ina sura ya kweli, na ndiyo maana ni ya hatari. Hebu na tuchukue jina la mtaa ambao kila mkaazi wa mjini anaujua: Ng'ambo. Halafu tuchukue Jang'ombe, kisha tuvuke bahari tufike Ng'ombeni, Mkoani. Majina hayo matatu yana alama ndogo baada ya herufi g. Alama hiyo si pambo. Ndiyo inayotenga sauti ya ng'oa, yaani kung'oa mti, na ngoa, ambayo ni uchu. Ukiiondoa alama hujafupisha neno, umeandika neno jengine.

Sasa alama hiyo ndani ya kompyuta si moja. Iko ile iliyosimama wima, ambayo ndiyo inayotoka kwenye kibodi ya kawaida, nayo imo katika ASCII. Iko ile iliyopinda, ambayo programu za kuandikia barua huiweka zenyewe bila mwandishi kuomba. Na iko ya tatu, ambayo Unicode imeitenga kwa lugha ambazo alama hii ni sehemu ya herufi na si kituo cha maandishi. Kwa jicho la binadamu zote tatu ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu vitatu visivyojuana. Karani wa kwanza akiandika Ng'ambo kwa alama ya wima, na wa pili akanakili Ng’ambo ya alama iliyopinda kutoka katika barua, hifadhidata itakuwa na mitaa miwili. Ukiuliza idadi ya wakaazi wa mtaa ule utapewa nusu, na mashine haitaona haya kukupa nusu hiyo kwa uhakika wote.

Haidhuru, atasema mtu, tutaziona zote mbili tukipanga orodha kwa alfabeti. Hata hilo si hakika. Tuchukue maneno matatu: Ngalawa, Ngome na Ng'ambo. Kompyuta ikipanga kwa namba tupu za herufi, Ng'ambo ya alama ya wima itakuwa ya kwanza, kwa sababu namba ya alama hiyo ni ndogo kuliko za herufi zote. Ikipanga kwa kaida inayoiruka alama, Ng'ambo itaingia katikati, baada ya Ngalawa na kabla ya Ngome. Na ikiwa alama ni ile iliyopinda, huku mpangilio ni wa namba tupu, basi Ng’ambo itakuwa ya mwisho. Neno moja, mahali patatu. Karani anayetafuta katika orodha ndefu iliyochapishwa atatazama pale alipozoea, asilione, na atamwambia mwananchi kwa nia njema kabisa kwamba hamo.

Lipo na baya zaidi. Alama iliyopinda haimo katika ASCII. Daftari lililoundwa kwa msimbo mkongwe likipokea alama hiyo, aghalabu hufanya moja katika mambo mawili. Ama huihifadhi kwa namba zake za UTF-8 kisha huzisoma kwa jedwali la Ulaya, na hapo wananchi huletewa karatasi iliyoandikwa "Ngâ€™ambo". Uchafu huo tumeuona sote katika stakabadhi na barua za kompyuta, tukacheka, tukaendelea na safari. Ama huitupa na kuweka alama ya kuuliza mahali pake: "Ng?ambo". Yafaa wakuu wajue tofauti ya makosa haya mawili. La kwanza lina dawa, kwa kuwa namba za asili bado zimo na fundi hodari anaweza kuzirejesha. La pili halina dawa, kwani kilichotupwa kimetupwa. Ndani ya daftari la maelfu ya watu hakuna atakayejua kila alama ya kuuliza ilikuwa herufi gani.

Wako mafundi ambao, ili waepuke taabu hii, huikataza alama kabisa. Wana sababu yao: katika lugha ya kuziamrisha hifadhidata, alama ya wima ndiyo inayofungua na kufunga maneno, na programu iliyoandikwa kwa uzembe huvurugika ikikutana nayo katikati ya jina, hata ikawa mlango wa wezi. Lakini dawa ya programu ya kizembe ni kuiandika vyema. Njia za kufanya hivyo zinajulikana na kila mwanafunzi wa fani hii. Kumwambia mtu wa Jang'ombe kwamba tangu leo anakaa Jangombe, au kumwambia ndugu yetu wa Kisukuma aliyehamia Unguja kwamba jina lake linaloanza kwa Ng'w halina nafasi, ni kumtaka raia abadilike ili fundi apumzike.

Tumesema kuhusu alama moja tu. Majina ya visiwa hivi yana historia pana kuliko hiyo. Wamo kati yetu wenye asili ya Ngazija ambao vyeti vyao vya zamani vimeandikwa kwa tahajia ya Kifaransa, yenye é na ï. Zimo familia za Kigoa zenye majina ya Kireno. Na muhimu kuliko yote, zimo kumbukumbu zetu za herufi za Kiarabu. Kabla ya herufi za Kirumi kutawala, Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa. Hati za wakfu, barua za biashara na maandishi ya makadhi ni sehemu ya mali ya nchi hii, na sehemu kubwa ya nyaraka za zamani zilizohifadhiwa Kilimani haisomeki ila kwa mwenye kuzijua herufi hizo. Siku nyumba ya wakfu itakapogombewa, ushahidi utatafutwa humo.

Hapa ndipo uchaguzi wa msimbo unapogusa haki. Jedwali la Kiarabu la kimataifa lililotolewa mwaka 1987, liitwalo ISO 8859-6, lina herufi za Kiarabu chenyewe tu. Halina pa, halina cha, halina va, ambazo waandishi wa Kiswahili waliziongeza kwa kuzitia nukta. Mtu akiunda hifadhidata kwa jedwali hilo kwa kudhani kwamba "Kiarabu ni Kiarabu", hataweza kuliandika hata jina la kisiwa cha Pemba kwa herufi yake ya kwanza. Itambidi aandike kwa ba. Katika Unicode herufi zote tatu zimo, na jina moja linaweza kuwekwa kwa Kirumi na kwa Kiarabu katika mstari ule ule wa daftari, bila mojawapo kuiharibu nyengine.

Hata hivyo tusidhani kwamba ukishasema "Unicode" kazi imekwisha. Jina la Ahmed kwa Kiarabu huanza kwa alifu yenye hamza. Unicode inakubali liandikwe kwa herufi moja iliyokwisha kuunganishwa, au kwa alifu tupu ikifuatwa na hamza peke yake. Yote mawili huonekana sawasawa juu ya karatasi, na yote mawili ni tofauti ndani ya mashine. Unicode yenyewe imetoa kanuni ya kuyafanya yawe sura moja. Lakini kanuni hiyo haijifanyi yenyewe. Lazima mtu aamuru kwamba kila jina lipitishwe humo kabla ya kuhifadhiwa. Kadhalika zipo programu zinazopima urefu wa nafasi kwa baiti, yaani vipande vya kumbukumbu ya mashine, na si kwa herufi. Katika UTF-8 herufi ya Kirumi isiyo na alama huchukua baiti moja na herufi ya Kiarabu huchukua baiti mbili. Nafasi ya baiti 30 iliyomtosha mtu kwa Kirumi itamkata jina lake katikati kwa Kiarabu.

Tuje sasa kwenye kaida za mahali, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta iko nchi gani: ipange vipi majina, iandike vipi tarehe, itenge vipi maelfu. Asiyechagua huchaguliwa. Programu maarufu ya hifadhidata iitwayo MySQL iliasisiwa Sweden. Mpaka toleo lake la 8.0 lilipotoka mwaka 2018, ukiiunda hifadhidata bila kuipa maagizo, ilitumia jedwali la Ulaya ya Magharibi na kuyapanga majina kwa kaida ya Kiswidi. Hapana ubaya na Waswidi. Walijitengenezea chombo chao na wakakiwekea desturi zao. Swali ni letu: kwa nini orodha ya watoto wa Micheweni ipangwe kwa desturi ya Stockholm, kwa sababu tu hakuna mtu wa hapa aliyeulizwa?

Na uchaguzi huu haubadiliki kama mtu anavyobadilisha shati. Katika PostgreSQL, ambayo ni programu nyengine inayotumika sana na isiyolipiwa, msimbo wa herufi na kaida ya kupangia huwekwa hifadhidata inapoundwa. Ukitaka kuvibadilisha baadaye, huna budi utoe kila kilichomo, uunde hifadhidata mpya, kisha urejeshe. Kwa daftari la siku moja hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa daftari la nchi lililotumika miaka kumi, ambalo hospitali na mahakama zinalitegemea kila saa, ni msiba. Samaki mkunje angali mbichi.

Wakati mwengine hata aliyechagua hubadilishiwa bila kujua. Mwezi wa Agosti 2018 lilitoka toleo la 2.28 la glibc, ambayo ni maktaba ya msingi inayotumiwa na mifumo mingi ya Linux. Toleo hilo lilibadilisha kaida za kupanga maneno. Kwa mfano, namba iliyoandikwa "1-1", ambayo zamani iliwekwa baada ya "11", sasa ikawekwa kabla yake. Jambo hili laonekana dogo. Lakini hifadhidata hutafuta jina kwa kutumia faharasa, na faharasa ile imepangwa kwa kaida ya zamani. Mashine ikipewa kaida mpya huku faharasa ni ya zamani, hutafuta mahali pasipo penyewe, na huja na jibu kwamba jina halimo ilhali limo. Mbaya kuliko hiyo, hukubali kuandikisha mara ya pili jina au namba ambayo ilipasa kukataliwa kwa kuwa imekwishaandikwa. Waliokuwa na hifadhidata za PostgreSQL juu ya mifumo hiyo walilazimika kuzijenga upya faharasa zao. Basi mwenye dhamana ya daftari la nchi asiridhike kuambiwa "tumeboresha mfumo". Aulize: kaida ya kupanga imebadilika? Faharasa zimejengwa upya?

Kuhusu tarehe, kila afisa atatuelewa mara moja. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. Wamarekani huandika mwezi kwanza. Mzee aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 1954, akiandikwa 03/04/1954 katika mashine yenye kaida za Marekani, atakuwa amezaliwa tarehe 4 Machi. Aliyezaliwa tarehe 25 Aprili hatadhurika, kwa sababu mashine itakataa kwamba mwezi wa 25 haupo, na karani atashtuka. Ndiyo kusema kosa hili hujificha katika siku 12 za mwanzo za kila mwezi tu, na kwa sababu hiyo huweza kukaa miaka bila kugunduliwa. Zanzibar ilianzisha mwaka 2016 pensheni jamii kwa wazee waliofikia miaka 70. Mzee hana nguvu za kurudi dirishani mara tatu kwa sababu siku na mwezi vimebadilishana viti.

Saa nayo ina mtego wake, na mtego huu ni wetu wenyewe. Hatuwezi kumlaumu Mmarekani wala Mswidi. Saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapozama. Saa 2 ya usiku kwetu ni saa 20:00 kwa mashine. Mama akisema mwanawe alizaliwa saa 2 usiku na karani akaandika 02:00, amemsogeza mtoto kwa saa 18. Tena kuna hesabu ya siku. Kwa mila ya pwani na kwa kalenda ya Kiislamu, usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alkhamisi magharibi. Mashine hubadilisha siku saa 00:00 na haijui kuamkia. Kwa cheti cha kuzaliwa tofauti hiyo yaweza kuonekana si kitu. Kwa cheti cha kifo ni kitu kikubwa. Wakifariki baba na mwana katika usiku mmoja, mgao wa mirathi mbele ya kadhi hutegemea nani alitangulia. Daftari lililochanganya saa mbili za hesabu tofauti linaweza kumnyima mjane au yatima haki yake, na hapatakuwa na mtu wa kumshtaki.

Hata neno "Kiswahili" peke yake halitoshi katika maagizo ya mashine. Iko kaida ya Kiswahili cha Tanzania, iko ya Kenya, iko ya Uganda, iko ya Kongo. Ile ya Kongo hutenga maelfu kwa nukta na sehemu ndogo kwa mkato, kama Wabelgiji walivyowazoeza majirani zetu wale, ambapo sisi hufanya kinyume. Shilingi 1,500 kwetu ni elfu moja na mia tano. Kwa kaida ile ni moja na nusu. Fundi aliyechagua Kiswahili bila kutaja nchi hajamaliza kuchagua.

Twajua kwamba upo upinzani wa namna mbili kwa haya tunayoyasema. Wa kwanza ni wa gharama. Husemwa kwamba herufi zote hizo za ulimwengu zitajaza mashine. Si kweli. UTF-8 ilibuniwa makusudi ili kila herufi ya ASCII ichukue baiti moja ile ile iliyokuwa ikichukua zamani. Maandishi ya Kiswahili cha kila siku yatachukua nafasi sawa na yaliyokuwa yakichukua, wala hayazidi. Kinacholipiwa ni herufi ya Kiarabu au ya Kifaransa pale tu inapotumika. Gharama kubwa ni ile ya kurekebisha baadaye.

Upinzani wa pili una uzito zaidi. Husemwa kwamba matatizo ya majina yetu si ya mashine bali ni ya watu: mtu huyo huyo huandikwa Khamis skuli, Hamisi hospitali na Khamisi kwa sheha. Hili ni kweli, na tunakiri kwamba hapana msimbo wa herufi utakaolitibu. Dawa yake ni karani kumwomba mtu cheti chake na kunakili herufi kwa herufi, na sheha kushuhudia. Lakini kwa sababu watu hukosea, ndiyo maana haifai mashine iongeze makosa yake juu ya yao. Karani aliyeandika Ng'ambo sawasawa astahili kuikuta Ng'ambo kesho.

Basi rai yetu kwa wakuu wa Serikali ni hii. Pawepo na waraka mmoja, mfupi, unaozifunga afisi zote za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar na kila kampuni inayopewa kazi ya kuunda hifadhidata ya umma. Waraka huo useme kwamba msimbo ni UTF-8 kamili, nao uthibitishwe kwa majaribio na si kwa jina. Kwani katika MySQL kilichoitwa utf8 kwa miaka mingi kilikuwa na kikomo cha baiti tatu, na ile kamili ya baiti nne iliongezwa mwaka 2010 kwa jina jengine, utf8mb4. Useme kila jina lipitishwe katika sura moja ya Unicode kabla ya kuhifadhiwa. Uchague alama moja ya ng', na kila alama nyengine igeuzwe kuwa hiyo pale jina linapoingia. Alama ipi? Hilo waulizwe wataalamu wa lugha wa Baraza la Kiswahili Zanzibar, kwa kuwa ni swali la imla na si la umeme.

Waraka useme pia kwamba urefu wa nafasi za majina upimwe kwa herufi. Useme faharasa za ndani zifuate mpangilio usiotegemea matoleo ya mfumo wa kompyuta, kama ule ambao PostgreSQL imeuweka ndani yake tangu toleo la 17 la mwaka 2024, na orodha za kusomwa na watu zipangwe kwa kaida ya Kiswahili cha Tanzania wakati wa kuchapishwa. Useme tarehe zihifadhiwe kwa kutanguliza mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na katika vyeti mwezi uandikwe kwa jina lake. Useme saa ihifadhiwe kwa hesabu ya 24, na fomu ya karani ionyeshe saa zote mbili, yetu na ya mashine, ili mama aulizwe kwa lugha yake na karani asibuni. Na useme kwamba kabla ya kampuni yoyote kulipwa, iletwe orodha ya majina ya majaribio, ikiwamo Ng'ambo, Jang'ombe na Ng'ombeni, pamoja na Pemba kwa herufi za Kiarabu, yaingizwe, yatafutwe, yapangwe na yachapishwe mbele ya maafisa. Likitoka hata moja limeharibika, kazi irudishwe.

Hayo yote hayazidi ukurasa mmoja, wala hayahitaji mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Yanahitaji mkuu aliye tayari kuuliza swali ambalo amezoea kumwachia fundi.

Wasomaji wetu wanajua kwamba mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, lahaja yetu ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo. Uamuzi ule ulikatwa na wakuu wa kikoloni na wamisionari. Ulitupa heshima, lakini sisi wenye lugha hatukuwa na kura. Leo herufi za majina yetu zinachaguliwa kwa mara nyengine, kimya kimya, katika vyumba vyenye baridi vya mashine. Safari hii hatuna kisingizio cha kutawaliwa. Tukinyamaza, tutakuwa tumenyamaza kwa hiari yetu, na siku mzee wa Ng'ambo atakapoambiwa dirishani kwamba mtaa wake haumo, hatutakuwa na wa kumwonyesha kidole.